Kitanzi cha Nachingwea

Nimeulaza mlango wa mninga juu ya kreti mbili za soda,
mlango wa chumba cha uani, ambacho sasa kina pazia,
na juu yake nimeipanda upya reli ya Kusini:
Mtwara ipo penye bawaba,
Nachingwea penye kitasa.

Reli zenyewe ni nyaya za shaba nilizozimenya,
mataruma ni njiti za kiberiti,
kichwa cha treni kina mota ya redio kaseti
aliyoniachia Bwana Nampota wa Chuno, mwaka wa pili huu,
haji kuichukua wala halipi.

Baba alisema neno moja tu nilipoanza:
"Stesheni umeiweka siko."
Macho yake yana ukungu. Aliipapasa akajua.
Nikaihamisha.

Mwisho wa njia, penye kitasa, nikapinda kitanzi
ili treni izunguke, irudi kwetu bila kunyanyuliwa.
Kitu rahisi. Mtoto hukichora kwa kijiti mchangani.
Ikaingia, ikazunguka, ikafika pale mkia unapokutana na shingo,
tak.
Taa ya adapta ikafa. Harufu.

Nikaifuata shaba kwa kidole, kama asakaye chawa kwenye mshono:
reli ya kushoto, yenye chanya, inakwenda, inapinda,
inarudi, na inaporudi
imekuwa ya kulia, imeibusu hasi mdomoni.
Hakuna nilipokosea. Kila lehemu inang'aa.
Ni umbo lenyewe. Nenda sokoni urudi kwa njia ileile:
nyumba zilizokuwa kuliani ziko kushoto,
na hakuna aliyezihamisha.

Basi nikakata.
Mapengo mawili pa kuingilia, mawili pa kutokea,
nikayaziba kwa plastiki ya laini ya simu iliyofungiwa.
Kitanzi kikawa kisiwa, kina nyaya zake.
Njia kuu nikaifungia swichi ya miguu sita,
nyaya mbili mgongoni zimepishana
kama mikono ya mtu anayesikia baridi.

Sheria ni hii: iingie yote.
Kichwa, mabehewa matatu, hadi gurudumu la mwisho.
Ndipo ugeuze, wala si kitanzi;
ukigeuza kitanzi itarudi kinyumenyume ilikotoka.
Geuza njia kuu. Geuza nje kote,
chanya iwe hasi, hasi iwe chanya,
nayo kisiwani mwake inazunguka tu, haina habari.
Sogeza ulimi wa njia panda.
Ikitoka, itakuta Mtwara nzima imeshageuka kuipokea.

"Sisi hatukuwa na pa kuigeuzia," Baba alisema,
akimenya ming'oko, maganda yakidondokea Masasi.
Alikuwa na miaka kumi na minane walipoing'oa.
Treni ilirudi nyuma kuelekea pwani, hatua kwa hatua,
na wao mbele ya uso wake wakifungua boliti,
wakiipakia mgongoni reli ileile iliyotoka kuikanyaga.
"Kila siku inatutazama. Inaondoka, inatutazama."
Akaomba chumvi.

Jana, umeme uliporudi, saa tatu kasoro,
nikaiwasha. Mtwara, Ruo, Mtama, ikilalamika penye kila njiti.
Ikaingia kitanzini. Nikahesabu mabehewa.
Moja. Mbili. La tatu lilisita juu ya pengo, likapita.
Klik.
Haikushtuka.

Baba alikuwa ameweka sikio kwenye ubao.
"Inakuja uso au mgongo?"
"Uso."
Hakujibu. Akanyoosha mkono hadi penye bawaba,
akalaza kidole katikati ya reli.
Kichwa kikaja, kikagonga ukucha, kikasimama,
mota ikivuma.
"Zima," akasema, "itaungua."
Kidole hakukiondoa.